Miaka ya Kuwakimbilia Walioanguka Chuoni

Kuna sauti moja nataka muijue kabla ya mambo mengine yote. Mtu ameanguka, amelala chali, na kinywani mwake unatoka mkoromo kama wa mtu aliyeshiba akasinzia mchana. Kimya kinapita, halafu mkoromo tena. Taya linacheza kidogo. Kama hujafundishwa utasema: huyu anapumua. Mimi nilisema hivyo, nimevaa koti jeupe, mbele ya watu, na mtu akafa.

Naitwa Konsolata, lakini chuoni hakuna aliyewahi kulimaliza jina hilo. Wanafunzi waliniita Mama Konso, walinzi wakafuata, mwisho hata barua za ofisi zikaja hivyo. Nilikuwa muuguzi wa zahanati ya chuo kimoja hapa Kigali mpaka nilipostaafu. Chuo chenyewe kimejengwa kwenye mteremko mkali, bwalo la chakula chini, zahanati pembeni yake, maktaba juu kabisa, na katikati ngazi zinazomaliza magoti. Kiswahili changu ni cha Buyenzi, Bujumbura, nilikozaliwa. Wanafunzi wa Tanzania walikuwa wakikicheka, na mimi nikawacheka wa Goma. Ninyi vijana wa kikundi cha huduma ya kwanza mmeniomba niwaandikie ninayoyajua. Nitaandika, ila msitegemee mpangilio. Mimi mwenyewe sikuyapata kwa mpangilio.

Aliyekufa alikuwa Mwalimu Anselimu, wa hesabu. Ilikuwa Ijumaa alasiri, saa ya michezo ya wafanyakazi, wanacheza voliboli. Aliruka, akapiga mpira vizuri, akatua kwa miguu yote miwili, akautazama mkono wake kama mtu aliyesahau kitu, akaanguka. Nilikimbia na mkoba wangu. Ndani yake mlikuwa na bendeji, spiriti na kipimo cha presha. Basi nikampima presha! Kipimo kikakataa kusoma. Nikadhani kimeharibika, nikakihamishia mkono wa pili. Watu wakauliza, "Mama Konso, iko hai?" Nikasikiliza ule mkoromo, nikawajibu, "Anapumua, msimzonge, mwacheni apate hewa." Nikamlaza ubavu, nikakaa naye hivyo, namshika bega, mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Alishuka muuguzi mmoja mrefu, Aloyizi. Hakusalimia mtu. Alipiga magoti, akamgeuza Anselimu chali, akaanza kumkandamiza kifua kwa nguvu ambayo mimi niliiona ya kikatili. Walimfanyia hivyo hadi hospitali. Hakurudi.

Jumatatu nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka kituo cha Aloyizi, nikamkuta anaosha machela. Nikamwambia, "Lakini alikuwa anapumua. Nilisikia kwa masikio yangu."

Akaacha kuosha. "Dada, ile haikuwa pumzi. Moyo ulisimama palepale alipoanguka. Chini ya ubongo kuna sehemu inayobaki na uhai kidogo, ndiyo ilikuwa inamvutavuta hewa. Haimsaidii kitu. Inatudanganya sisi tu."

"Kwa muda gani?"

"Mara nyingine dakika kadhaa."

"Na kipimo changu hakikuwa kibovu?"

"Kipimo chako ndicho kilikuwa kinasema kweli."

Nilikuwa na uchungu, sifichi. Lakini pamoja na uchungu kulikuwa na kitu kingine ambacho niliona aibu kukisema, nacho kilikuwa hamu ya kujua. Mwili unawezaje kutoa sauti ya uhai wakati moyo umesimama? Nilimuuliza maswali mpaka akacheka. Akasema watu huwa wanakuja pale kulalamika kwamba gari lilichelewa, hajawahi kuona mtu aliyekuja kuuliza. Kabla sijaondoka akanipa jibu ambalo nimelirudia miaka yote: "Ukimwita hajibu, na kifua hakipandi na kushuka kama cha mtu aliyelala, kandamiza. Ukiwa umekosea, atausukuma mkono wako. Utamwomba radhi, basi."

Siku hizo hizo nilikwenda kwa mjane wa Anselimu. Aliniuliza kama mumewe aliteseka. Nikamwambia hapana, hakujua kitu, na hilo lilikuwa kweli. Ningeweza kuishia hapo. Nikamwambia pia kwamba kulikuwa na jambo la kufanya na mimi sikulijua, kwa hiyo sikulifanya. Alinyanyuka akaenda chumbani. Chai iliyokuwa mbele yangu ikapoa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaketi, akasema, "Sitakuambia kwamba si kitu. Lakini kunywa chai." Nikainywa yote.

Baada ya hapo Aloyizi akawa anakuja chuoni Jumatano, siku yake ya mapumziko, na sanamu la kufundishia, kifua na kichwa tu, pua imekatika. Tuliita vijana wa timu ya mpira wa kikapu tukidhani wenye misuli ndio watafaa. Walikandamiza kwa mikono, kwa hasira, na dakika haijaisha wanahema kuliko mgonjwa. Siku hiyo Veneranda, mpishi mkuu wa bwalo, alituletea chai. Alisimama, akatazama, akauliza, "Mnamwonea nini huyu mtu asiye na pua?"

Tukamweleza. Akaweka birika chini, akapiga magoti, akanyoosha viwiko, akaanza. Sanamu lile lina kidude kinacholia ukifikisha kina kinachotakiwa, na kilikuwa kinalia kila pigo, bila kukosa, dakika mbili nzima. Alikuwa anakiacha kifua kijae tena kabla ya kushuka. Hata jasho hakutoa.

"Mama, umefundishwa wapi?" Aloyizi akauliza.

"Kwenye sufuria. Nasonga kaunga, ugali wa chuo kizima, kila siku. Ukisonga kwa mikono, saa sita haijafika umeanguka. Unasonga kwa mgongo."

Hilo ndilo somo zima. Viganja katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, mabega juu ya mikono, na uzito wa mwili ndio unaoshuka. Kila baada ya dakika mbili mbadilishane, hata kama hujachoka, maana mwenye kuchoka huwa wa mwisho kujua. Veneranda akawa mtu wangu wa kwanza kumwita kila palipotokea jambo, na mshahara wake ukabaki ule ule wa jikoni.

Baadaye chuo kikapewa ile mashine ya kushtua moyo, nzuri, ya njano, inayoongea yenyewe na kukwambia la kufanya. Ikafungiwa stoo, kwa kuwa ni ghali. Jumatano moja tukiwa mazoezini Aloyizi akapaza sauti, "Mashine!" Nikakimbia stoo. Imefungwa. Mwenye ufunguo yuko mkutanoni Kacyiru. Nikampigia, akasema yuko njiani. Alipofika na ufunguo wake, sanamu lilikuwa limeshakufa, limefunikwa kwa kitambaa cha meza, na sisi tumemaliza kula. Aloyizi aliandika ripoti ya kifo, kaandika na jina la marehemu: Bwana Asiyenapua. Nikaipeleka ofisini kama ilivyo. Wiki iliyofuata mashine ikatundikwa ukutani mlangoni mwa maktaba, bila kufuli. Walisema itaibwa. Haikuibwa. Mara moja tu mwanafunzi mmoja aliifungua akitafuta pa kuchajia simu, kengele yake ikalia maktaba nzima, na kijana wa watu alikimbia akaiacha simu yenyewe.

Sasa niwaeleze habari ya Tiyeri na Divine, kwa sababu ndiyo iliyonigeuza kuliko zote.

Ilikuwa saa nane mchana. Msichana mmoja alikuja akasimama kizingitini mwa zahanati, haingii, haondoki. Huyo alikuwa Divine, ingawa wakati huo sikumjua.

"Karibu, mwanangu. Unaumwa?"

"Oya, hapana, si mimi. Ni mwenzangu. Amechoka."

"Amechoka vipi?"

"Amelala kwenye choo cha maktaba. Hataki kuamka."

"Unaitwa nani?"

Akarudi hatua moja nyuma. Nikaona hakuna wakati wa kumbembeleza. Nilichukua mkoba, nikapita mlangoni mwa jiko nikaita, "Vene!" Naye akaja anafuta mikono kwenye aproni. Tukazipanda zile ngazi.

Tiyeri alikuwa mwaka wa tatu, anasomea ujenzi. Tulimkuta amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, kidevu kifuani. Midomo ina rangi ya wino. Nilimwita, nikamfinya bega kwa nguvu, hakujibu. Nikajiambia, moyo huo. Veneranda alikuwa ameshapiga magoti. Tukamvuta mpaka kwenye korido, tukamlaza chali, na vidole vyangu vikaenda shingoni.

Mapigo yalikuwepo. Mazuri kabisa, ya kijana.

Nikatazama kifua. Kikapanda. Nikahesabu moja, mbili, mpaka kumi na mbili, ndipo kikapanda tena, kidogo. Nilishangaa, na nakumbuka nilishangaa hata katikati ya hofu ile. Kwa Anselimu moyo ulikuwa umesimama na kinywa kinatoa sauti ya pumzi. Hapa moyo ulikuwa unafanya kazi yake na pumzi ndiyo imesahau. Nikafungua kope. Kwenye korido ile yenye mwanga hafifu mboni ya jicho ilipaswa kuwa imepanuka. Ilikuwa ndogo kama nukta ya kalamu. Aloyizi alikuwa amenieleza juu ya mboni hizo: mofini, heroini na ndugu zao wote. Nilikuwa sijawahi kuziona.

Nilitoa mfuko wa kupumulia. Veneranda akakaa kichwani kwa Tiyeri, akaishika barakoa usoni mwake na kuinua taya kwa mikono miwili, mimi nikawa nauminya mfuko. Pumzi moja, unahesabu mpaka tano, pumzi nyingine. "Polepole," alinikumbusha, "huchochei mkaa." Alikuwa sahihi. Ukiharakisha, hewa inakwenda tumboni na mgonjwa anatapika.

Nikamgeukia Divine. "Amekunywa nini?"

"Sijui. Labda ni malaria."

"Mwanangu, nisikilize. Sitaki kujua nani kampa. Sitaki kujua wewe ni nani. Nataka jina la dawa. Nikilijua nitajua sindano ya kumpa."

Alianza kulia. "Ni dawa ya nyanya."

Dawa ya kunyunyizia nyanya shambani nayo hufanya mboni kuwa ndogo, na tiba yake ni nyingine kabisa. Nikamtazama Tiyeri kinywani: mate hayamtoki, ngozi kavu. Haikulingana. "Nyanya za shambani? Sumu ya wadudu?"

"Oya, Mama, oya! Nyanya yake! Mama wa mama yake! Alikuwa na kansa, alikuwa anapewa hii ya maumivu." Akatoa kwenye begi lake chupa ya plastiki, imebaki maji kidogo chini. Mofini ya kunywa, ile inayopewa wagonjwa wanaouguzwa nyumbani. Bibi huyo alikuwa ameshazikwa, huko Kabuga. Chupa ilibaki kabatini.

Zahanati ilikuwa na vichupa viwili vya naloksoni, dawa inayozima nguvu ya mofini, na vyote vilikuwa mkobani. Aloyizi ndiye aliyenisumbua mpaka nikaviomba, na nilikuwa nimekaa navyo mwaka mzima nikijiuliza vya nini. Nilimchoma Tiyeri pajani, nikarudi kwenye mfuko. Hilo mlishike: sindano haipumui kwa niaba yako. Unaendelea kumpa hewa mpaka mwenyewe aanze. Dakika ya tatu kifua kilipanda bila mimi. Midomo ikaanza kurudi rangi. Kisha akafumbua macho, akatutazama wanawake wawili wazima tuliomwinamia, akasema kwa hasira, "Mbona mnanishika?"

"Na wewe asante," Veneranda akamjibu.

Tiyeri alitaka kuondoka. Alisema ana mtihani saa tisa. Nilimweleza kwamba sindano ile huisha nguvu mapema kuliko dawa aliyokunywa, na ikiisha anaweza kulala tena na kuacha kupumua. Hakuniamini, na kwa nini aniamini? Alikuwa anajisikia mzima. Alisimama. Veneranda akaenda akaketi kwenye ngazi ya kwanza, mapana yake yote, akajaza njia. "Pita juu yangu," akasema. Tiyeri akakaa.

Mvua ilikuwa inanyesha na gari la wagonjwa tuliloliita lilikwama kwenye foleni. Tulizungumza habari za madaraja, maana ndiyo aliyoyapenda. Alikuwa ananieleza kwa nini daraja linaachiwa nafasi ndogo ya kujinyoosha jua likiwaka, na katikati ya maelezo maneno yakaanza kuburuzika. Kichwa kikashuka. Nikahesabu pumzi zake, nikatoa kichupa cha pili. Alipofika Aloyizi, amelowa chapachapa, alinitazama mkononi akauliza, "Hiyo ya pili?" Nikasema ya pili. Akainamisha kichwa mara moja, kukubali. Katika miaka yote hiyo ndiyo sifa pekee niliyoipata kwake.

Walipokwisha kuondoka nilimkuta Divine bado yupo kwenye korido. Nikakaa karibu naye. Nilimuuliza alimkuta saa ngapi. Akanieleza bila kuniangalia. Alikaa naye mle chooni robo saa nzima kabla ya kuja kwangu. Alificha chupa, akapangusa sakafu, akafungua simu kusoma kanuni za chuo. Kanuni ilisema anayekutwa na dawa za kulevya, na aliye pamoja naye, wote wanafukuzwa.

"Nilikuwa nasoma, Mama," akasema. "Nasoma kila mstari, na yeye anabadilika rangi."

Nilikwenda kumwona Tiyeri wodini siku ya tatu. Nilikuwa na hotuba yangu tayari, ile ya marafiki wabaya na starehe za mjini, niliyowapa wanafunzi kila mwanzo wa mwaka. Kabla ya kuianza nikamuuliza tu: ilianzaje? Akasema alimuuguza nyanya yake miezi minane, akimpa dawa kila baada ya saa nne, kengele ya simu ikimwamsha. Baada ya mazishi kengele ikaendelea kulia. Hakuweza kuifuta. Siku moja ililia, akachukua kijiko, akanywa yeye.

"Kwa nini?"

"Nilitaka kujua alikuwa anakwenda wapi akishakunywa. Uso wake ulikuwa unatulia. Nilitaka kujua ni wapi."

Sikuitoa ile hotuba, siku hiyo wala baadaye.

Chuo kiliwaita wote wawili mbele ya kamati ya nidhamu, nami nikaombwa ripoti. Niliomba niilete kwa mdomo. Mkuu wa wanafunzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wa watu mikononi, na wazazi wanaopiga simu kila siku. Alisema, "Mama Konso, tukiwaachia hawa, kesho watakuja kumi."

"Na waje," nikasema. "Waje kwangu. Huyu binti hakuja kwa robo saa, na si kwa sababu hampendi mwenzake. Alikuwa anasoma karatasi yenu."

"Unataka kusema karatasi yetu imemuua?"

"Hajafa. Angekufa ningeleta rambirambi, nisingeleta hoja."

Nilidhani nimevuka mpaka, na nilikuwa nimebakiza miaka michache kustaafu. Mkuu alivua miwani, akamgeukia Divine, akamuuliza taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua: "Kama kanuni isingekuwepo, ungefanya nini ulipomkuta?"

Divine akasema, "Ningekimbia."

Ilichukua muhula mzima, vikao na vikao, lakini kanuni ilibadilishwa. Anayeita msaada haadhibiwi kwa kuita, na anayesaidiwa anapelekwa kwenye matibabu kwanza. Tiyeri alipoteza mwaka. Alitibiwa, akateleza mara moja, akarudi kutibiwa. Alihitimu nyuma ya wenzake, na Veneranda alikuja kwenye sherehe amevaa mshanana, vazi lake la sherehe, akapiga vigelegele mpaka mkuu akageuka. Sijui kama Tiyeri amepona moja kwa moja. Nilimuuliza, akasema naye hajui, ila kengele ya simu ameshaifuta.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, saa saba mchana, nilisikia viatu vinateremka ngazi kwa kasi. Mlango haukubishwa. Aliingia msichana wa mwaka wa kwanza, Mtanzania, anahema, na mkononi ana pakiti tupu ya vidonge vya maumivu.

"Shikamoo, Mama. Ni tramadoli, amekunywa saa sita kasorobo, hii hapa pakiti, tumemlaza ubavu, anapumua lakini taratibu, wenzangu wanamhesabia, gari tumeshaliita."

Nilikuwa nimeshanyakua mkoba. "Marahaba. Unaitwa nani?"

Akaniambia jina lake, na la baba yake, na la babu yake, na namba ya chumba anacholala, huku ananitangulia kupanda ngazi.